Ufadhili wa utafiti ni mali kauli: mwombaji aje na daftari

Katika maduka ya jumla ya Kariakoo, Dar es Salaam, kuanzia Mtaa wa Kongo hadi Msimbazi, kila asubuhi hufanyika biashara isiyo na hundi wala dhamana. Kijana anafika dukani, anachukua dazeni mbili za mashati au jozi kadhaa za viatu, na anaondoka bila kulipa hata shilingi. Jioni, au wiki inayofuata, atarudisha fedha ya mwenye mali na kubaki na faida yake. Wenyewe huiita mali kauli, yaani mzigo unaotolewa kwa neno. Anayetazama kwa mbali hudhani ni ukarimu, au ni undugu. Akisogea karibu ataona hesabu kali. Mwenye duka humpima kijana kwa mambo matatu: anaijua bidhaa kiasi gani, mzigo uliopita aliufanyia nini, na huu wa leo anaupeleka wapi. Akiridhika, hufungua daftari na kuandika. Asiporidhika, hata machozi hayasaidii.

Ufadhili wa masomo ya utafiti nao ni mali kauli. Mfuko ulioko London, Bonn au Trieste humpa mtu usiyemfahamu ada, nauli na posho ya kujikimu, na kinachowekwa rehani ni neno lake tu, kwamba atauliza swali lenye maana na kulifanyia kazi hadi mwisho. Kila mwaka wahitimu wa Tanzania hujaza fomu za Chevening, za Jumuiya ya Madola, za DAAD ya Ujerumani, na za OWSD inayowafadhili wanawake wanasayansi kutoka nchi zinazoendelea. Vyeti huambatanishwa, na walimu huandika barua za kuwatambulisha. Lakini zimo kurasa chache ambapo mwombaji husema kwa sauti yake mwenyewe. Hayo ndiyo maelezo binafsi, na wengi huyaandika kama tangazo la biashara au kama ombi la sadaka. Hoja yangu ni kwamba yanapaswa kuandikwa kama daftari: kumbukumbu ya swali ambalo mwombaji amekaa nalo, kazi aliyoifanya juu yake, na mahali anapotaka kulifikisha. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Vipaji vingi vya mji huu vinapotea hivyo hivyo.

Ushahidi wa kwanza wanao wafadhili wenyewe. Mfuko wa Taifa wa Sayansi wa Marekani umetoa ufadhili wa utafiti kwa wanafunzi wa shahada za juu tangu 1952. Ni kwa raia na wakazi wa kudumu wa nchi hiyo, kwa hiyo kijana wa Kariakoo hawezi kuuomba, lakini vigezo vyake vimeandikwa wazi na vina cha kutufunza. Ni viwili: uzito wa kitaaluma wa mwombaji na kazi yake, na faida ambayo kazi hiyo itailetea jamii. Mwombaji hupewa kurasa 3 za maelezo binafsi na kurasa 2 za mpango wa utafiti. Ufadhili wa Jumuiya ya Madola, ulioasisiwa 1959, humtaka mwombaji aeleze masomo yake yatachangia nini katika maendeleo ya nchi yake. Chevening, unaotolewa na serikali ya Uingereza tangu 1983, haufungamani na utafiti peke yake, lakini hudai uzoefu wa kazi wa angalau miaka 2, huuliza juu ya uongozi, mahusiano ya kikazi, sababu za kuchagua kozi na mipango ya baadaye, kisha humtaka msomi arudi kwao kwa angalau miaka 2. Yapange masharti hayo kando ya maswali ya muuza jumla, utaona yanashabihiana. Unaijua bidhaa? Mzigo uliopita uliufanyia nini? Huu unaupeleka wapi? Hakuna anayeuliza shauku ya mwombaji ina ukubwa gani. Asiye na shauku asingejaza fomu.

Sasa tazama yanayoandikwa mara nyingi. Sentensi ya kwanza husema mwombaji amekuwa na ndoto ya utafiti tangu utotoni. Ya pili husema elimu ni ufunguo wa maisha. Ya tatu huahidi kuisaidia jamii. Hamna uongo ndani yake, na hamna habari pia, kwa sababu ukifuta jina lililo juu ya karatasi na kuandika jingine, maneno yatabaki yakimfaa yeyote. Tuchukue mfano wa kubuni wa mhitimu wa takwimu anayetaka kuchunguza mikopo isiyo rasmi. Anaweza kusema anawapenda sana wafanyabiashara wadogo. Au anaweza kuandika hivi: "Kwa wiki sita nilikaa na wauza viatu 11 wa mtaa mmoja, kwa ridhaa yao, nikinukuu kila jioni mali kauli waliyochukua na fedha waliyorudisha. Nilitarajia kuwa wanaochelewa kulipa ni wenye mauzo madogo. Haikuwa hivyo. Waliochelewa zaidi ni waliochukua mzigo kwa wenye maduka wawili kwa wakati mmoja. Sijajua bado kwa nini, na ndilo swali ninalotaka kwenda nalo." Msomaji wa maneno hayo hajaambiwa kuwa mwandishi wake ni mdadisi, mvumilivu na mkweli. Amejionea.

Nguvu ya mfano huo haitokani na ufundi wa lugha. Inatokana na vitu vinavyoweza kukaguliwa: wiki sita, watu 11, mtaa mmoja, kila jioni. Inatokana pia na kukiri kwamba matarajio ya kwanza hayakuwa sahihi, jambo ambalo waombaji wengi hulificha kwa kuogopa kuonekana dhaifu. Mtafiti hupimwa zaidi kwa alichokifanya baada ya kukosea kuliko kwa kutokosea, kwa kuwa miaka ya uzamivu ni miaka ya makadirio yanayovunjika na kupangwa upya. Kitu kingine ni kutenganisha "mimi" na "sisi". Mradi wa mwaka wa mwisho chuoni hufanywa na kikundi, mafunzo kwa vitendo hufanyika chini ya ofisi, na mwombaji akiandika "tulifanya utafiti" huacha tundu ambalo msomaji hawezi kuliziba. Nani aliandika dodoso? Nani aligundua kuwa majibu ya kata moja yamenakiliwa? Kusema "sehemu yangu ilikuwa hii" ni uaminifu kwa wenzake na faida kwake. Mwisho ni mahali anapokwenda. Chuo kisitajwe kwa umaarufu wake. Kitajwe kwa sababu kuna maabara fulani, kumbukumbu fulani za kihistoria au mtaalamu fulani ambaye bila yeye swali halisogei. Muuza jumla akimwuliza kijana mzigo anaupeleka wapi, jibu la "sokoni" halitoshi.

Swali limelala mlangoni

Wapo watakaosema kwamba haya ni rahisi kwa aliyesoma chuo chenye maabara na walimu wa kimataifa, na kwamba kijana anayeuza kwenye fremu ya ndugu yake tangu ahitimu hana la kuandika. Historia ya mji huu inasema vingine. Sehemu kubwa ya yale ambayo dunia ya wasomi inayajua kuhusu Dar es Salaam imetokana na maswali yaliyookotwa uswahilini. Susan Geiger, mwanahistoria wa Marekani, alianza mwaka 1984 kuwahoji wanawake waliojenga chama cha TANU, akiwemo Bibi Titi Mohamed, na mwaka 1997 akatoa kitabu kilichobadili namna uhuru wa Tanganyika unavyosimuliwa. Swali lake lilikuwa jepesi kulitamka: kama harakati ilikuwa ya wanaume wachache waliosoma, nani aliijaza mikutano? Majibu aliyapata kwa wanawake wa vikundi vya ngoma vya mjini, wengi wao wakiwa hawakupata shule ya kutosha. Mwaka huo huo wa 1997 Aili Mari Tripp, aliyekulia Tanzania, alichapisha kitabu kilichotokana na utafiti wake wa mwishoni mwa miaka ya 1980, mishahara ilipokuwa haimfikishi mtu hata katikati ya mwezi. Naye aliuliza jambo ambalo kila mama muuza vitumbua alikuwa akilijua: basi watu wanaishije? Akaonyesha jinsi biashara ndogo zisizo rasmi zilivyozibeba kaya, na jinsi zilivyoilazimisha serikali kulegeza masharti yake.

Soko lenyewe ni ushahidi mwingine. Jina Kariakoo lilitokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Uingereza, Carrier Corps, waliopiga kambi hapo wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Jengo kuu la soko, lililofunguliwa 1975, lilisanifiwa na Mtanzania, Beda Amuli, aliyesomea fani hiyo katika chuo cha Technion mjini Haifa, Israeli. Paa lake ni safu ya miavuli mikubwa ya zege inayotia kivuli na kupitisha hewa, na iliyobuniwa kukinga maji ya mvua. Amuli alikwenda mbali kusoma, lakini tatizo alilolitatua ni la hapa: jua la pwani, masika ya pwani, na watu wengi wanaotaka kuuziana chini ya paa moja. Huo ndio uhusiano ambao maelezo binafsi yanapaswa kuuonyesha kati ya mji alikotoka mwombaji na chuo anakotaka kwenda.

Wala maswali hayajaisha. Julai 2021 soko hilo liliungua. Baadaye mwaka huo machinga waliondolewa barabarani na kupangiwa maeneo mengine. Mei 2023 na tena Juni 2024 wafanyabiashara walifunga maduka kwa malalamiko ya kodi. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo la ghorofa liliporomoka na kuua watu zaidi ya ishirini. Katika kila tukio kuna kazi ya miaka ya mhandisi, mwanasheria, mchumi na mwanasaikolojia. Anayedhani haya yanawafaa wanasosholojia tu aingie kwenye maduka ya nafaka. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu Dodoma na Manyara, na nafaka na karanga za bara ndizo zinazolisha jiji hili. Namna zinavyohifadhiwa kwenye stoo zenye joto la pwani ni swali la mwanabiolojia na mwanakemia. Bonde la Msimbazi linalofurika pale Jangwani, hatua chache kutoka sokoni, ni swali la mtaalamu wa maji. Mhitimu anayepita hapo kila siku ana kitu ambacho mgeni hulazimika kukaa miezi mingi kabla ya kukipata: anajua nini si cha kawaida. Kinachomkosesha ni kutoandika.

Hoja za upande wa pili

Pingamizi kubwa zaidi ni la umaskini. Inaaminika kwamba wafadhili wanataka kusikia shida, na kwamba asiyesimulia kutembea pekupeku kwenda shule hana nafasi. Pingamizi hili lina chembe ya ukweli, kwa sababu ipo mifuko inayotazama waziwazi hali ya kiuchumi ya mwombaji, na ni haki iwe hivyo. Ikiulizwa, isemwe, kwa usahihi na kwa ufupi: ada ilikosekana muhula gani, mwombaji alifanya kazi gani usiku, masomo yaliathirika vipi. Habari ya namna hiyo humsaidia msomaji kuelewa kwa nini alama za mwaka wa pili zilishuka, au kwa nini miaka minne ilipita kati ya shahada na ombi hili. Lakini shida peke yake haimtofautishi mtu, kwa kuwa katika rundo la maombi kutoka nchi kama yetu wenye shida ni wengi. Kinachomtofautisha ni alichoweza kukifanya ndani yake. Pia kuna suala la heshima. Mama aliyekaanga mihogo ili mwanawe asome amekuwa pambo la aya ya kwanza katika maombi mengi mno, akiwa hana jina, hana akili, ana jasho tu. Mama huyo alijua kukisia wateja wa siku ya mvua, alijua nani wa kumkopesha na nani wa kumnyima. Mtoto anayetaka kuwa mtafiti angemtendea haki zaidi kwa kueleza alichojifunza kutoka kwenye akili yake kuliko kwa kumlilia mbele ya wageni.

Pingamizi la pili linatoka kwenye malezi. Tumefundishwa kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na kwamba mtu mstaarabu husifiwa na wengine. Kwa kijana aliyelelewa hivyo, kuandika kurasa juu yake mwenyewe ni kama kusimama barabarani na kipaza sauti. Methali hiyo ni ya kweli pale mnunuzi anapoweza kukishika kitambaa, kukinusa na kukivuta. Msomaji wa maombi hana nafasi hiyo. Hawezi kufika dukani, na kizuri kilichofungiwa stoo hakijiuzi. Hata hivyo unyenyekevu hauhitaji kuachwa, kwa sababu daftari halijisifu. Daftari husema tarehe fulani, mzigo fulani, fedha fulani, salio fulani. Anayeandika "mimi ni kiongozi mahiri" amejipigia debe. Anayeandika "vikao vya kikundi chetu cha kukopeshana vilipoanza kukosa watu, nilipendekeza vihamishiwe Jumapili jioni, na wanachama wakarudi" ametoa taarifa, na sifa atapewa na msomaji. Kwa hiyo malezi yetu, yakieleweka vizuri, yanamwandaa mtu kuandika aina bora ya maelezo. Majigambo ndiyo mageni.

Pingamizi la tatu ni lugha. Wengi wetu tulisoma msingi kwa Kiswahili, sekondari kwa Kiingereza tulichokuwa bado tunajifunza, na fomu hizi karibu zote hutaka Kiingereza. Hofu hiyo huwafikisha baadhi ya waombaji steshenari, ambako kazi inayoanza kama ya kuchapa huishia kuwa ya kutungiwa, na siku hizi huwafikisha kwenye programu za akili mnemba zinazotoa kurasa mbili kwa sekunde chache. Ubaya wa njia zote mbili ni ule ule wa daftari lililoandikwa na mtu asiyeujua mzigo. Sentensi zinapendeza, lakini hazina wiki sita wala watu 11 ndani yake, na siku ya usaili mwenye jina atashindwa kuyatetea maneno yasiyo yake. Dawa ni kuanza kwa Kiswahili. Andika swali lako kwa lugha unayowazia, kwa maneno ambayo hayahamii Kiingereza kirahisi: mali kauli, winga anayeleta wateja, kilemba kinacholipwa ili kupata fremu ya duka. Neno lisilo na tafsiri rahisi mara nyingi huonyesha mahali ambapo utafiti haujafika. Kisha hamishia Kiingereza kwa sentensi fupi zilizo wazi, na umwombe mwenye Kiingereza kizuri asahihishe sarufi bila kugusa hoja. Msomaji wa pili awe mtu wa kazi yenyewe. Kama umeandika juu ya wauza nafaka, msomee muuza nafaka kwa Kiswahili. Akikuambia "sivyo tunavyofanya", amekuokoa na aibu ambayo profesa angeigundua baadaye.

Linabaki pingamizi la kukata tamaa, kwamba nafasi ni chache na zinakwenda kwa wenye koneksheni. Ni kweli nafasi ni chache, na maombi mazuri mengi hukataliwa. Ni kweli pia kwamba aliyesoma mahali penye walimu waliopita njia hiyo hupata watu wa kumsomea rasimu, na mwenzake hapati. Hata mali kauli huanza kwa kujuana: mjomba anakupeleka kwa mwenye duka na kusema "huyu ni wetu". Lakini pingamizi hili likichunguzwa linaipa hoja yangu nguvu. Anayetambulishwa na mjomba anaweza kupata mzigo wa kwanza bila daftari. Asiye na mjomba daftari ndilo mjomba wake. Na daftari lina faida ambayo tangazo halina, kwamba jibu likija la kukataliwa, kazi iliyomo haifutiki. Swali limekua, takwimu zimeongezeka, na mwaka unaofuata linafunguliwa ukurasa mpya. Maombi yaliyojengwa kwa sifa huanza upya kila mwaka. Yaliyojengwa kwa kazi hulimbikiza.

Deni linarudishwa wapi

Mali kauli ina upande wa pili ambao wenye kuomba ufadhili huusahau, nao ni kurudisha. Aya za mwisho za maelezo mengi huahidi "kuleta mabadiliko chanya" bila kusema kwa nani. Mtafiti wa mikopo ya viatu ana wadai wanaojulikana: wale watu 11 waliomfungulia hesabu zao kila jioni. Aseme atarudi kwao na nini, kwa lugha gani, kabla au baada ya kuandika makala ya jarida. Vitabu vya Geiger na Tripp viliandikwa kwa Kiingereza, na huenda wengi wa watu wanaosimuliwa humo hawajawahi kuvishika. Kijana wa hapa ana uwezo wa kuahidi jambo ambalo mgeni ni vigumu kuliahidi, na ahadi hiyo ikiandikwa kwa undani huwa miongoni mwa sababu nzito za kumpa yeye mzigo.

Tarehe 25 Oktoba 1961, elimu ya chuo kikuu ilianza nchini humu katika jengo la TANU lililokuwa Mtaa wa Lumumba, kwa kitivo kimoja cha sheria na wanafunzi wasiofika 20. Chuo hicho kilihamia Mlimani mwaka 1964. Kwa miaka ile ya mwanzo, mwanafunzi aliyetoka darasani alikuwa na dakika chache tu za miguu kufika Kariakoo, na umbali huo kati ya swali na darasa bado unaweza kufupishwa na kila anayeketi kuandika maelezo yake. Asingoje tangazo la ufadhili litoke ndipo atafute la kusema. Jioni ya leo, maduka yakifungwa, achukue daftari la kawaida la shule aandike tarehe, alichokiona mchana, na jambo moja katika hicho ambalo hajalielewa. Kesho aongeze mstari. Dirisha la maombi likifunguliwa atakuwa na jibu tayari kwa yule mwenye duka wa mbali anayetaka kujua mzigo uliopita aliufanyia nini.